Urefu wa Sindano kwa Soksi na Kofia za Watoto Wachanga

Sindano ya kufumia ina vipimo viwili, unene na urefu, na ingawa mazungumzo ya dukani mara nyingi huishia kwenye unene, ni urefu unaoamua kama soksi ya mtoto mchanga itafumika kwa raha, itafumika kwa taabu au haitafumika kabisa. Unene hutawala ukubwa wa kila kitanzi, yaani kile kikono cha uzi kinachoshikana na chenzake kikawa kitambaa, na ndiyo maana ukibadilishwa unene nguo nzima hupanuka au husinyaa. Urefu hauna athari hiyo, kwa sababu kitanzi kilichofumwa kwa sindano ya sentimita 15 ni sawa na kilichofumwa kwa sindano ya sentimita 35 yenye unene uleule. Kazi yake ni kuamua ni umbo gani linaweza kukaa juu ya sindano, mkono utaishikaje, na vitanzi vitapumzika au vitavutwa wakati wa kazi. Katika shali au sweta la mtu mzima hitilafu ndogo ya urefu husameheka. Katika kitu kidogo haisameheki.

Msomaji wa Magogoni au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, anaweza kushangaa kwamba soksi za kufuma zizungumzwe katika mji wenye joto la pwani, lakini mahitaji yapo na yana sababu ya kitabibu. Mama anayejiandaa kujifungua hufungasha khanga, nepi, kofia na soksi, kwa kuwa mtoto mchanga, ambaye kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake na ambaye ngozi yake ina mafuta machache chini yake, hupoteza joto upesi hata katika chumba ambacho mtu mzima anatokwa na jasho. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na sasa ikiwa inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani, humweka mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, uliwahusisha watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, ukaonyesha kwamba wale walioanzishiwa huduma hiyo mara baada ya kuzaliwa walifariki kwa asilimia 12.0 katika siku 28 za kwanza, ilhali waliosubiri hadi hali zao zitulie walifariki kwa asilimia 15.7. Kilichookoa maisha hapo ni kifua cha mama, wala si soksi. Lakini kofia na soksi ndizo nguo zinazobaki juu ya mtoto huyo, na kwa hiyo zinastahili kufumwa vizuri.

Vipimo vya mwili wa mtoto ndivyo vinavyotangulia vipimo vya sindano. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na kichwa chenye mzingo wa sentimita 35 hivi, na wa wiki 30 hukaribia sentimita 28. Kuhusu mguu, utafiti uliofanyika kusini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima urefu wa nyayo za watoto wachanga ili kuona kama kipimo hicho chepesi kingeweza kuwatambulisha wanaohitaji uangalizi pale ambapo hakuna mizani, na mipaka iliyotumiwa ilikuwa sentimita 7 kwa watoto wadogo mno na sentimita 8 kwa wale wenye uzito pungufu au waliozaliwa kabla ya wakati. Mfumaji anaweza kuichukua mipaka hiyo kwa kazi yake mwenyewe: soksi ya mtoto njiti haihitaji unyayo unaozidi sentimita 7, na bomba lake, yaani ile sehemu ya mviringo inayozunguka mguu, huwa na mzingo wa sentimita 10 hadi 12. Soksi ya mtu mzima, kwa kulinganisha, hufikia sentimita 20 hadi 23. Kwa hiyo tatizo zima la urefu wa sindano ni tatizo la kufuma bomba jembamba kwa vifaa ambavyo kwa asili yake vimenyooka.

Ufumaji unaozungumzwa hapa haupaswi kuchanganywa na ule wa vitambaa vya makochi na meza, ambao ndio unaojulikana zaidi katika nyumba za Dar es Salaam. Vitambaa vile hufumwa kwa kulabu moja yenye mdomo uliopinda, na kila kitanzi hufungwa kabla ya kingine kuanzishwa, hivyo urefu wa kulabu hauna uzito wowote katika kazi hiyo. Wala haufanani na ushonaji wa kofia za vitobwe zinazovaliwa na wanaume wa pwani, ambazo hushonwa kwa sindano ya kawaida yenye tundu juu ya kitambaa kilichokwisha kukatwa. Katika ufumaji wa sindano mbili au zaidi, vitanzi vyote vya mstari mmoja hubaki wazi juu ya sindano kwa wakati mmoja, na hapo ndipo urefu unapokuwa jambo la msingi, kwa sababu sindano ni ghala la vitanzi na vilevile ni chombo cha kuvifuma.

Sindano iliyozoeleka zaidi ni ile iliyonyooka yenye ncha upande mmoja na kirungu upande wa pili, ambacho huzuia vitanzi visichomoke. Huuzwa kwa jozi za sentimita 25, 30, 35 na 40. Kwa jozi hiyo mfumaji hufuma kitambaa bapa, akienda na kurudi, kisha hukikunja na kukishona kiwe soksi. Viatu vingi vya kufuma vya watoto wachanga hutengenezwa hivyo na hakuna aibu yoyote katika njia hiyo. Anayeichagua anashauriwa kuchukua jozi fupi kabisa, ya sentimita 25, kwa kuwa vitanzi 36 vya soksi ya mtoto hukalia sentimita 12 tu za sindano, na sehemu yote inayobaki ni mzigo unaoning'inia, unaochosha kiwiko na kumgonga jirani kwenye benchi. Kasoro ya njia hii ni mshono wenyewe, ambao hupita chini ya unyayo au nyuma ya kisigino kama ukingo mgumu. Kwa mtoto wa miezi sita mshono huo si neno, lakini kwa mtoto njiti, ambaye ngozi yake huchubuka kwa msuguano mdogo, soksi isiyo na mshono ni bora kwa mbali, nayo hupatikana kwa kufuma kwa mzunguko.

Kufuma kwa mzunguko si uvumbuzi mpya, na Afrika ina nafasi ya heshima katika historia yake. Miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya ufumaji halisi wa sindano yanayojulikana ni soksi za pamba za bluu na nyeupe zilizopatikana Misri, ambazo wataalamu huziweka kati ya karne ya 11 na ya 14, nazo zilifumwa kwa mzunguko. Huko Ulaya, mchoraji Mjerumani Meister Bertram, katika mchoro wa madhabahu uliotengenezwa karibu na mwaka 1400 na ambao sasa umo katika jumba la sanaa la Hamburg, alimwonyesha Bikira Mariamu akifuma nguo ya mtoto kwa seti ya sindano zenye ncha pande zote mbili. Chombo hicho hakijabadilika tangu hapo: vitanzi hugawanywa juu ya sindano tatu au nne zinazopangwa kwa umbo la pembetatu au mraba, na sindano moja iliyo huru ndiyo inayofuma, ikichukua vitanzi vya sindano moja baada ya nyingine mpaka mzunguko umekamilika. Seti zenye sindano nne zilizoeleka Uingereza, na zenye sindano tano katika sehemu nyingine za Ulaya; kwa soksi ya mtoto, seti ya tano ni bora kwa sababu mraba hauvuti pembe za kazi kwa ukali kama pembetatu.

Sindano za ncha mbili hutengenezwa kwa urefu wa sentimita 10, 12.5, 15, 17.5 na 20, na hesabu ya kuchagua ni rahisi. Mfumaji achukue idadi ya vitanzi vitakavyokalia sindano moja, avigawanye kwa idadi ya vitanzi vinavyoingia katika sentimita moja ya kitambaa chake, kisha aongeze sentimita 10, yaani 5 kila upande, ambazo ni nafasi ya vidole na kinga ya vitanzi visichomoke. Soksi ya mtu mzima yenye vitanzi 64, ikifumwa kwa uzi mwembamba wenye vitanzi 3 kwa sentimita, huweka vitanzi 16 juu ya kila sindano kati ya nne, yaani upana wa sentimita 5 na ushei, hivyo sindano ya sentimita 15 inatosha sawasawa. Soksi ya mtoto mchanga yenye vitanzi 36 huweka vitanzi 9 tu kwa kila sindano, upana wa sentimita 3, na hapo hesabu hudai sentimita 13: seti ya 12.5 inafaa kabisa, na ya 15 inafaa bila tabu. Kofia ya mtoto yenye vitanzi 90 vya uzi mnene kidogo, ikigawanywa kwa sindano nne, huhitaji sentimita 18 na hivyo seti ya 20. Sindano za sentimita 10 zibaki kwa vidole vya glavu na kwa watu wenye viganja vidogo, kwa kuwa mkono wa kawaida huzifunika zote na ncha ya nyuma huchoma kiganja.

Hatari ya kutumia sindano ndefu kupita kiasi huonekana katika kitambaa chenyewe. Pale sindano mbili zinapokutana, uzi unaovuka kutoka moja hadi nyingine hulegea, na kulegea huko kukirudiwa mahali palepale katika kila mzunguko hutokea mstari wa mianya unaoshuka kutoka shingo ya soksi hadi vidoleni, ambao wafumaji huuita ngazi. Sindano ndefu za chuma huuzidisha, kwa sababu uzito wa ncha zisizo na kazi huivuta kila sindano ielekee chini na kuipanua nafasi iliyo kati yake na ya jirani. Wengine huponya tatizo hili kwa kuukaza uzi kwenye kitanzi cha kwanza, ilhali kitanzi cha pili ndicho chenye nguvu ya kuufunga mwanya huo, kwa kuwa cha kwanza hurudi kulegea mara sindano inapoachwa. Jambo hili si la urembo peke yake. Uzi unaolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu, hali ambayo madaktari wanaifahamu na ambayo humuumiza mtoto asiyeweza kueleza kwa nini analia; soksi iliyokamilika inapaswa kugeuzwa ndani nje na kupekuliwa kwa kidole kabla haijavalishwa au kuuzwa.

Aina ya tatu ni sindano ya waya, yaani ncha mbili fupi zilizounganishwa na waya laini wa plastiki, ambayo hataza yake ya kwanza nchini Marekani ilitolewa mwaka 1918. Urefu wake hupimwa kutoka ncha hadi ncha, waya ukiwemo, na huanzia sentimita 23 hadi zaidi ya mita moja. Kanuni yake ni moja, nayo haikwepeki: kazi inayofumwa kwa mzunguko wa kawaida haiwezi kuwa na mzingo mdogo kuliko urefu wa sindano. Vitanzi vinaweza kusongamana juu ya waya mfupi, hata mara mbili ya nafasi yao ya kawaida, bila kudhurika. Lakini haviwezi kutandazwa kuufikia waya mrefu kuliko vyenyewe. Ndiyo maana mtu akiulizwa achague kati ya waya uliozidi kidogo na uliopungua kidogo, achague uliopungua.

Kanuni hii ndiyo inayowaangusha wanaofuma kofia za watoto wachanga. Vitabu vingi vya ufumaji, ambavyo kwa kawaida huwafikiria watu wazima, huitaja sindano ya waya ya sentimita 40 kuwa ndiyo sindano ya kofia, na kwa kichwa chenye mzingo wa sentimita 55 ushauri huo ni sahihi. Kofia ya mtoto aliyetimiza miezi, ili ishike bila kubana, hufumwa kwa mzingo wa sentimita 32. Kwa uzi wenye vitanzi 28 kwa kila sentimita 10, kofia hiyo ina vitanzi 90, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 3.6. Vikilazimishwa kuuzunguka waya wa sentimita 40, kila kitanzi kinatakiwa kufikia milimita 4.4, yaani karibu robo zaidi ya upana wake. Uzi wa sufu, ambao hunyumbulika, unaweza kuvumilia hayo kwa shida. Uzi wa akriliki utavumilia kwa mizunguko michache. Uzi wa pamba, ambao kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam ndio unaofaa zaidi mwilini mwa mtoto kwa sababu hunyonya jasho, haunyumbuliki kabisa, hivyo mfumaji hulazimika kusukuma kila kitanzi kwa kidole gumba, na kofia hutoka na vitanzi vilivyotanuka visivyorudi. Chaguo sahihi ni waya wa sentimita 30, na kwa kofia ya mtoto njiti, ambayo mzingo wake hushuka hadi sentimita 25, hata huo wa 30 ni mrefu mno.

Ipo sindano ya waya ya sentimita 23 iliyokusudiwa soksi za watu wazima, nayo huzunguka mguu wote bila kubadilisha sindano na bila kuacha ngazi. Hata hivyo, ili jumla yake iwe fupi kiasi hicho, ncha zake hupunguzwa hadi sentimita chache tu, na mkono uliozoea kuikumbatia sindano kwa kiganja chote hulazimika kuishika kwa ncha za vidole. Baadhi ya wafumaji huipenda sana. Wengine, hasa wenye maumivu ya viungo, huiacha baada ya kisigino cha kwanza. Kwa soksi ya mtoto haina kazi yoyote, maana mzingo wa sentimita 12 ni nusu tu ya urefu wake.

Njia iliyoibadilisha hesabu hii yote ilienea mwanzoni mwa karne hii nchini Marekani. Mwaka 2001 Cat Bordhi alichapisha kitabu cha kufuma soksi kwa sindano mbili za waya, nusu ya vitanzi ikikaa juu ya kila moja, na mwaka 2002 kijitabu cha Bev Galeskas, kilichoeleza njia aliyofundishwa na Sarah Hauschka, kilionyesha kwamba sindano moja ndefu ya waya inatosha. Vitanzi hugawanywa katika nusu mbili, na waya uliozidi huvutwa nje kati ya nusu hizo ukawa kitanzi kikubwa cha waya kila upande. Mfumaji hufuma nusu ya mbele huku nusu ya nyuma ikipumzika juu ya waya, kisha huigeuza kazi, huvuta waya tena na kuifuma nusu ya pili. Kwa kuwa waya wa ziada hutokezwa nje, kazi inaweza kuwa na mzingo wowote, hata wa kidole gumba cha mtoto njiti. Urefu unaofaa ni sentimita 80, na 100 kwa anayetaka kufuma soksi mbili kwa pamoja ili zilingane. Chini ya 80 waya hautoshi kutoa vitanzi viwili vya pembeni, na zaidi ya 100 muda mwingi hupotea katika kuuvuta. Sharti ni waya uwe laini. Waya mgumu unaokumbuka mkunjo wa pakiti yake hupambana na mikono kila mzunguko, lakini ukichovywa katika maji ya moto kwa dakika moja na kunyooshwa hutulia kwa kiasi fulani.

Kuna faida nyingine ya sindano ya waya ambayo wakazi wa Magogoni wataielewa haraka. Anayevuka kwa kivuko kwenda Kigamboni, akiwa amebanwa kati ya abiria, hawezi kuzitunza sindano tano zilizo huru. Moja ikianguka chini ya miguu ya watu, vitanzi 9 hubaki bila mlinzi. Sindano ya waya haianguki, kwa sababu kazi yenyewe huishikilia.

Pamoja na hayo, si kila mfumaji ana uwezo wa kununua seti za kiwandani, na Afrika Mashariki imekuwa na jibu lake kwa muda mrefu, jibu ambalo halipewi heshima linayostahili: spoku za baiskeli. Wasichana wengi wa eneo hili walijifunza kufuma kwa spoku zilizochongwa ncha kwa kusuguliwa juu ya sakafu ya saruji au jiwe. Ufaafu wake si bahati nasibu. Namba za zamani za Uingereza za sindano za kufumia, ambapo namba kubwa humaanisha sindano nyembamba, zinafuata kipimo cha waya kilichohalalishwa Uingereza katika miaka ya 1880, na kipimo hichohicho ndicho kilichotumiwa kuzipa spoku namba zake. Spoku ya namba 14 ina unene wa milimita 2, sawa kabisa na sindano ya namba 14. Ya namba 12, inayopatikana kwenye magurudumu ya baiskeli za mizigo, ina milimita 2.6, karibu sawa na sindano ya namba 12. Mwenye mchoro wa zamani unaotaja namba 10 atafute milimita 3.25, na anayeambiwa namba 8 atafute milimita 4.

Kwa urefu, spoku ina bahati nzuri zaidi. Ile ya baiskeli kubwa ya mtaani hukaribia sentimita 30, na ikikatwa kichwa chake kilichopinda na upande wa pili wenye nyuzi za kukazia, hubaki sentimita 28; ikigawanywa katikati hutoa sindano mbili za sentimita 14, urefu unaotosheleza hesabu iliyotangulia ya soksi ya mtoto mchanga. Spoku tatu hutosha kwa seti ya sindano tano na ya akiba moja. Fundi yeyote wa chuma wa Gerezani mwenye jiwe la kunolea anaweza kuzikata na kuzichonga ncha zote mbili kwa muda mfupi, na anachopaswa kuelezwa ni kwamba ncha iwe ya mviringo laini, si kali, kwa kuwa ncha kali huchana uzi na kutoboa kidole kinachoisukuma. Baada ya hapo zisuguliwe kwa msasa laini kabisa na kupanguswa. Hewa ya bahari na jasho lenye chumvi huzitia kutu mahali rangi ya kinga ilipokatwa, na kutu hiyo huacha madoa kwenye uzi mweupe ambayo hayatoki. Kwa hiyo zihifadhiwe kavu, zikiwa zimepakwa nta ya mshumaa na kupanguswa tena kabla ya kutumika.

Kwa uzi mnene zaidi, vijiti vya mianzi vya mishikaki, ambavyo vingi huwa na unene wa karibu milimita 3 na upande mmoja tayari umechongwa, hugeuka kuwa sindano nzuri kwa kukatwa hadi sentimita 15 na kulainishwa kwa msasa. Mianzi huvishika vitanzi kuliko chuma, jambo ambalo humsaidia anayeanza, na wepesi wake hupunguza zile ngazi. Kasoro yake ni kwamba kila kijiti hakilingani kabisa na kingine, hivyo seti ipangwe kwa kuvilinganisha kwa macho na vidole, vile vilivyozidi vikaachwa. Mwenye sindano za unene tofauti katika seti moja atapata soksi yenye upande uliobana na upande uliolegea.

Soksi za watu wazima zina wateja wake, hasa katika nyanda za baridi kama Njombe, Makete na Lushoto, na miongoni mwa ndugu waliohamia Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kwa hizo, seti ya ncha mbili ya sentimita 15 au 17.5 yenye unene wa milimita 2.25 hadi 2.75 itamtosha karibu kila mfumaji. Glavu hutumia seti hiyohiyo kwa kiganja na fupi zaidi kwa vidole.

Anayeanza leo kwa kusudi la kufuma soksi na kofia za watoto wachanga, na mwenye fedha ya sindano moja tu, anunue ya waya ya sentimita 80 yenye unene wa milimita 2.5 au 3 na aikatae ya 40 hata ikiuzwa kwa bei nafuu. Asiye na fedha hiyo aanze na spoku tatu. Aende dukani na futi ya fundi cherehani mfukoni na aipime sindano kabla ya kulipa, ncha hadi ncha pamoja na waya, kwa sababu namba iliyoandikwa juu ya sindano mara nyingi ni ya unene peke yake.